Bahasha za Waliokatwa

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, Fundi aliwasalimia watu waliokatwa. Walikuwa wananing'inia kwenye kamba iliyovuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta, wameshikwa kwa vibanio vya nguo: vipande vya filamu, virefu kwa vifupi, kila kimoja na mtu ndani yake ambaye hakupata nafasi kwenye sinema. "Hamjambo humu ndani," alisema huku akivua kofia. Kisha alinyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Mara ya kwanza nilidhani ananisalimia mimi, nikaitikia. Alinigeukia akasema, "Wewe nitakusalimia baadaye, Binti. Wewe una mdomo."

Hatukumwita Mwalimu, ingawa alitufundisha watu sita kila Jumamosi kwa miaka mitano. Alikataa mwenyewe. Nchi ilikuwa na Mwalimu wake, alisema, na mmoja anatosha. Tunduma nzima ilimjua kama Fundi. Jina lake nililiona mara moja tu, juu ya barua, na sitaliandika hapa, kwa sababu alichukia majina ya mafundi yanayopita mwanzoni mwa sinema. Aliyafananisha na mgeni anayejitambulisha mpaka chakula kinapoa.

Karatasi zake sasa ziko Dar es Salaam, kwenye jumba la nyaraka. Ni maboksi saba ya kadi, bahasha na vipande, na yeye alifariki kabla halijafunguliwa hata moja. Anayeyapekua atakutana na bahasha moja ambayo ndani yake mna fremu moja tu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na kadi yenye miandiko miwili. Mwandiko wa kwanza ni wake. Wa pili ni wangu. Naandika haya kwa ajili ya bahasha hiyo.

Sikumwendea Fundi ili nijifunze kazi. Nilimwendea ili nimwibie.

Mwaka tulipohamishwa kutoka milimani upande wa Ibaba kwenda kijiji kipya cha chini, lilikuja gari la sinema na watu wawili wenye kamera. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Baba alikuwa ameshafariki, na nyuma yetu tuliacha nyumba, migomba, na kaburi la mdogo wangu, aliyezikwa kando ya ukuta kama ilivyo desturi yetu. Siku paa lilipokuwa linashushwa mimi nilikuwa njiani na mbuzi, sikuona kilichotokea uani. Miezi michache baadaye gari lile likarudi, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, na magharibi kijiji kizima kikakaa chini kujitazama. Tuliona bomba linafunguliwa, maji yanaruka. Halafu uso wa mama yangu ukajaza shuka lote, machozi yanamtiririka. Halafu watoto wanakunywa maji kwa viganja. Sauti ya sinema ikasema wananchi wamelia kwa furaha. Watu walipiga makofi. Mama, aliyekaa kando yangu, hakupiga.

Bomba lile lilikauka kabla ya mwaka kwisha. Mama akabaki na jina: Mama Bomba. Mwanzoni ulikuwa utani, na mwenyewe alicheka. Lakini kila kiongozi aliyekuja kutuhimiza alianza na yule mama aliyelia kwa furaha, na watu waliokuwa wanarudi kuchota mtoni walimtazama mama kana kwamba yeye ndiye aliyetia saini tuhamishwe. Kisha akafa mzee mmoja wa kijiji. Mama alipoanza kulia pale msibani, jirani yetu akamwambia mbele za watu, "Nyamaza, Mama Bomba. Machozi yako tunayajua, yanafunguliwa." Wanawake wakacheka, msibani. Tangu siku hiyo mama hakulia tena mbele ya mtu. Hata dada yake wa tumbo moja alipofariki alikaa mkavu jikoni, anapuliza kuni, na watu wakasema si mnaona. Kwetu mtu ambaye machozi yake hayaaminiwi huwa kama hayupo. Nilipomuuliza, alinijibu maneno machache tu, "Sikulia kwa ajili ya bomba. Nililia mambo yangu."

Kwa hiyo nilipohamia Tunduma kufundisha elimu ya watu wazima, nikasikia kwamba mtu aliyeikata sinema ile anaishi nyuma ya ghala la malori, na kwamba hatupi kipande hata kimoja, sikulala. Nilitaka kipande cha mama kizima, kabla hakijaunganishwa na bomba la watu, nikakionyeshe kijiji. Nilikwenda kesho yake. Alikuwa anatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, kwa sababu macho yake yalianza kuingia ukungu. Alinitazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akanipa kalamu.

Miaka ya mwanzo ya uhuru alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache waliokalia meza ya kukatia filamu. Alipelekwa nchi ya baridi kujifunza, akarudi na jozi tatu za glavu nyeupe na kikohozi. Alikuwa anafundisha vijana huko Dar, kisha kwa sababu asiyoisema akaomba kuletwa mpakani, kutengeneza filamu zinazokatika za magari ya sinema ya kusini. Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilipomuuliza kwa nini Tunduma, alinipeleka nje akanyoosha kidole kwenye kizuizi cha barabara, huku sisi, kule Nakonde, nchi ya watu. "Hapa kiungo kinaonekana," alisema. "Kwingine kote wamekificha."

Hapo kwenye kizuizi ndipo palipokuwa darasa lake. Alitupanga kwenye benchi la muuza chai, akatuambia tutazame nyuso za wanaovuka, nyuso tu, tusitazame mikono, na kila mmoja aandike mtu huyu ana nini moyoni. Tuliandika kwa madaha. Huyu ana huzuni. Huyu ana hila. Kisha akatuambia tushushe macho mikononi. Mwenye huzuni alikuwa amebeba mtoto aliyelala, anaogopa kumwamsha. Mwenye hila alikuwa amebeba trei ya mayai. Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Uso haujui kitu," alisema. "Unasubiri uupe jirani. Ukiupa jirani mbaya, umemuua mtu na damu haionekani." Kijana mmoja akasema basi kazi hii ni ya uongo. Fundi akaacha kucheka. Akalipa chai ya wote, akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata hakufungua mlango.

Alikuwa mtu wa kubana na wa kumwaga. Gundi ya filamu aliipima kwa tone, na ukidondosha alikununia wiki. Lakini miaka ile sukari ilipopotea, akipata robo kilo kutoka ng'ambo ya pili aliigawa kwa vijiko kwa majirani, yeye akanywa chai ya mkandaa, bila maziwa wala sukari. Sabuni ilipoadimika kabisa, kipande chake cha mwisho kilifulia glavu, na mwili aliusugua kwa majivu. Mwenye nyumba, mzee wa malori aliyetoka Tanga, hakuchoka kumtania. Kila mwisho wa mwezi alichungulia dirishani akatazama kamba. "Fundi, hawa wapangaji wako wa kwenye kamba mbona hawaongezeki adabu? Wallahi, jana nimepita hapa wananikodolea." Fundi alimjibu, "Wanakuuliza wewe ni nani, mzee. Hukujitambulisha."

Katika mambo ya karatasi hakuwa na mzaha. Kila kipande kilichokatwa kilikuwa na bahasha yake, na kila bahasha kadi, tuliyoikata wenyewe kwenye maboksi ya majani ya chai. Kadi ilikuwa na mistari minne: nani, wapi, kilichotangulia, kilichofuata. Mstari wa kwanza ndio aliougombania. Siku niliyoandika "mwanamke mmoja", aliichana kadi mbele yangu. "Hakuna mwanamke mmoja," alisema. "Kila mwanamke ana mtu anayemwita." Aliwahi kupanda lori mpaka Kamsamba, kwenye joto lile, kumtafuta mkulima wa mpunga aliyeonekana kwa sekunde mbili akipunga mkono. Alirudi na malaria na jina. Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba kisitoke kitu. "Ukitoa kipande kimoja," alisema, "vyote vilivyobaki vinaanza kusema uongo."

Mimi mwenyewe nilipekua. Kila alipokwenda sokoni nilishusha bahasha za rafuni, na kwa miezi mitatu nilizimaliza zote. Mama hakuwamo. Likabaki sanduku la bati chini ya kitanda, lenye kufuli, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifuta hata vumbi. Nikasema nitasubiri. Na wakati nasubiri, nikajikuta najua kukwangua filamu kwa wembe, najua kuunga, na mchana naanza kuangalia saa nisichelewe kwake. Hilo lilinikera kuliko yote. Nilikuwa nimekuja na chuki yangu safi, na mtu yule akawa ananiharibia.

Hakuwahi kutazama sinema pamoja na watu. Gari lilipoonyesha uwanjani alisimama chini ya shuka, mgongo kwenye picha, akatazama watazamaji. Usiku hakulala bila kufunika meza yake kwa kanga, na asubuhi aliifunua polepole akianzia pembeni, kama mtu anayefunua mgonjwa. Siku moja, tukiwa tunakula, alisukuma sahani. "Ukikaa na uso wa mtu siku nne mezani," alisema, "haukuachi. Unaukuta kwenye ugali." Nilimuuliza ni uso wa nani. Akasema chakula kimepoa.

Kisha ile sinema ikaja. Gari liliileta na nyingine nne, imechanika matundu ya pembeni yanayoshikwa na mashine. Nilikuwa nimekaa kando yake alipoipitisha juu ya kioo chenye taa. Yalipita maji ya bomba, kisha nikamwona mama, mdogo sana, mara mia, analia chini ya vidole vya glavu nyeupe. Nilimtazama Fundi. Alikuwa amefumba macho. Alitengeneza sehemu ile yote kwa kupapasa, tundu kwa tundu, na hakukosea. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilimpa wembe alipoomba wembe.

Mwishoni, macho yake yakiwa yamebakiwa na mwanga na vivuli tu, barua ilifika. Watu wa nyaraka walikuwa wanakuja Alhamisi kuchukua kila kitu, hata sanduku. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilifunga bahasha mpaka saa nne, halafu nikashindwa.

"Fundi, kuna kipande nakitaka."

"Nakijua."

"Hukijui. Hujui hata mimi ni nani."

Alivua glavu, moja, kisha nyingine. "Siku uliyoingia mlangoni hapa nilitaka kukimbia," alisema. "Nimekaa na uso huo fremu kwa fremu, Binti. Wewe umeuchukua mzima, hata huu mkunjo." Akajigusa katikati ya nyusi.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisubiri uulize."

"Miaka mitano!"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Nililia kwa hasira. Hakunibembeleza. Alitoa ufunguo shingoni akanipa.

Bahasha ilikuwa juu kabisa. Kadi aliiandika zamani, macho yakiwa mazima. Kwenye mstari wa kwanza, yeye aliyekuwa anachana kadi zetu, alikuwa ameandika: mama mmoja, mjane. Wapi: uani kwake, juu ya Ibaba. Kilichotangulia: paa limeshushwa, ameniomba nilipige picha kaburi la mwanawe kabla hajaliacha, nimletee, nimekubali, hapo ndipo alipolia. Kilichofuata: kaburi, sekunde kumi na moja. Nimekata. Sikumpelekea.

Nilikaa sakafuni. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wawili wenye kamera. Miaka yote nilitafuta machozi ya uchungu ili niyatupe mbele ya kijiji, kumbe mama alilia kwa sababu mtu asiyemjua alimkubalia. Hayakuwa ya bomba. Lakini nisingeweza kusema hayakuwa na furaha hata chembe. Na kaburi lenyewe lilishalimwa. Trekta la shamba la kijiji lilipita pale msimu wa pili, na hakuna mtu leo anayeweza kusimama akasema ni hapa.

"Kwa nini hukumpelekea?"

"Mwanzoni nilisema kazi nyingi. Halafu sinema ikatoka, nikaona nilichomfanya." Alipapasa meza akitafuta kofia. "Ningefika na uso gani?"

Nikamwambia kipande kile hakiendi Dar. Akasema sanduku lisipungue. Nikamwambia sanduku lake linasema uongo tangu zamani. Mwenye nyumba akachungulia dirishani kututania, akaona nyuso zetu, akaacha. Fundi akamuuliza kama kuna lori linaloshika njia ya Ileje, upande wa kwetu.

"Lipo, kesho asubuhi. Nani anasafiri?"

"Mimi."

"Wewe? Utoke Tunduma na macho hayo?" Mzee akashika kichwa. "Wallahi kesho itanyesha mvua ya mawe."

Haikunyesha. Tulipanda mbele na dereva, bahasha ndani ya shati la Fundi, na njia nzima kutoka njia panda ya Mpemba aliuliza kitu kimoja tu, kama yule mama bado anaona vizuri. Tulimkuta mama anapepeta mahindi uani. Alinikumbatia, akamletea mgeni kigoda, akamsalimia, "Ndaga, baba, karibu." Fundi hakukaa.

"Mama, mimi ndiye niliyekuahidi picha."

Mama aliushika ungo bila kuutikisa. Nilidhani hajasikia. Kisha akauweka chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Umechelewa, baba."

"Nimechelewa."

Akampa bahasha. Mama aliukunjua ule mkanda, karibu mita mbili, akaunyanyua kwenye jua. Nilisimama nyuma yake nikaona anachokiona: kaburi dogo na mgomba, na chini yake kaburi dogo na mgomba, zaidi ya mara mia mbili.

"Mbona ni wengi hivi?"

"Ni yuleyule mmoja, mama," Fundi alisema. "Sinema ndivyo ilivyo."

Alizipitia zote kwa kidole, hakuruka. "Mgomba huu ulikuwa bado haujazaa," alisema. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, na Fundi, ambaye hakuwa na macho tena ya kumwona, aligeuka akatazama ukuta. Jirani alitokea upande wa jikoni, yuleyule wa msibani, akauliza kuna msiba gani. Nilimwambia upo, ni wa siku nyingi. Alimtazama mama, akatazama ule mkanda. Akavua kandambili, akakaa chini kando yake, na yeye akaanza kulia.

Walipotulia nilimweleza mama habari ya maboksi na sheria ya Fundi. Nilieleza kwa ukali kidogo, kwa kuwa nilikuwa upande wa mama. Yeye aliuliza hao wa Dar watawafanyia nini watu wa kwenye bahasha. Fundi akajibu, bado ameelekea ukuta, kwamba watawatunza. Mama akaomba wembe. Fundi akautoa mfukoni, akajaribu kushika mkanda akate yeye, lakini mkono ulikataa, na mama akauchukua. Alikata kaburi moja la mwisho, bila kuharibu kando.

"Huyu aende," alisema. "Hawa wengine wakae na mimi." Akaitia fremu ile kwenye bahasha, akatoa kadi, akanipa, kwa kuwa hakujua kusoma. "Humu wameandika jina lake?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Andika," mama akaniambia. "Gwakisa."

Niliandika juu ya goti langu. Fundi alisogea taratibu, akapapasa mpaka akaipata bahasha mkononi mwangu, akavua kofia.

"Hujambo, Gwakisa," alisema. Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

"Hajambo, baba," mama akamwitikia.